Zawadi kwa Mwenye Shoto

Karibu kila shule ina desturi ya kutoa zawadi siku ya kufunga mwaka. Wazazi huja wamevaa nguo zao nzuri, mgeni wa heshima huketi mbele, watoto huitwa mmoja mmoja kwa majina, na makofi hupigwa. Desturi hiyo ni njema, wala sina nia ya kuiondoa. Lakini leo nataka kuigombeza kidogo, kwa sababu mara nyingi twaitimiza huku tumefumba macho. Twaitazama zawadi, twaitazama bei yake, twaitazama karatasi iliyofungiwa. Yule atakayeipokea hatumtazami. Na katika watu tusiowatazama, wa kwanza ni mtu wa shoto.

Nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe, maana asiyeanza na nafsi yake hana haki ya kumnyoshea mwenziwe kidole.

Miaka mingi imepita tangu nilipokuwa na msichana mmoja katika darasa la ushonaji. Alikuwa na shoto. Kwa sindano hakuwa na mwenzake: mishono yake ilikuwa midogo na iliyonyoka kama safu ya mchwa. Mwisho wa mwaka tulikubaliana apewe zawadi ya kwanza, nami ndiye niliyetumwa mjini kuinunua. Nilichagua mkasi mkubwa wa fundi, wa chuma kizuri, kwa fedha iliyozidi ile niliyopewa. Nikaongeza ya mfukoni mwangu, nikarudi nimejaa furaha. Siku ilipofika jina lake likatajwa. Akaja, akapiga goti kidogo kwa heshima, akanyosha mkono wake, na mkono ule ulikuwa wa kushoto. Mgeni wetu akaurudisha mkasi nyuma, akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "Mkono wa adabu, binti!" Watu wakacheka. Mimi nami nikacheka. Yule mtoto akabadili mkono, akapokea, akaenda kuketi, wala hakuinua uso wake tena mpaka mkutano ulipokwisha.

Hilo lilikuwa kosa la mgeni, na ni kosa la kicheko chetu. Kosa langu mimi lilionekana baadaye. Shule ilipofunguliwa, nikamwona akikata kitambaa kwa mkasi ule mpya, na kila alipokata, kitambaa kilikunjika katikati ya makali, kikatafunika pembeni kana kwamba kimeliwa na panya. Nikamwambia ashike vizuri. Akashika vizuri. Kikatafunika vile vile. Nikamwambia hana bidii. Mwaka wa pili akaacha ushonaji.

Basi nisikilizeni niwaeleze jambo ambalo mimi nililijua nikiwa nimekwisha chelewa. Mkasi ni visu viwili vilivyofungwa pamoja kwa msumari mmoja. Visu hivyo vikikatiza, kimoja sharti kiwe upande wa kuume na cha pili upande wa kushoto, na fundi wa mkasi huchagua kipi kikae wapi. Karibu mikasi yote iuzwayo madukani imepangwa kwa mkono wa kuume. Mkono huo ukibana, kidole gumba husukuma upande mmoja na vidole vingine huvuta upande wa pili, na nguvu hizo mbili hubananisha visu, vikakata. Mkono wa kushoto ukiubana mkasi ule ule, nguvu zake huenda kinyume: visu hutengana kidogo, nacho kitambaa hupata nafasi ya kuingia katikati na kukunjika. Tena kisu cha juu humziba macho mwenye shoto, asiuone mstari wa chaki anaoufuata. Wala usidhani kwamba ukiupindua mkasi juu chini mambo yatatengenea. Upindue utakavyo, utabaki vile vile, kama kiatu cha mguu wa kuume kisivyogeuka kuwa cha mguu wa kushoto kwa kupinduliwa.

Kumbe yule mtoto hakuwa mvivu, wala mkono wake haukuwa mzito. Mimi nilimpa kiatu cha kuume, nikamwamuru akivae mguu wa kushoto, kisha nikamlaumu kwa kuchechemea. Tena nilikiita zawadi!

Hapa ndipo penye neno langu, nami nalisema wazi ili anayetaka kulipinga alipinge: zawadi inayomtaka mpokeaji awe mtu mwingine kwanza ndipo imfae, hiyo si zawadi. Ni amri iliyofungwa kwa karatasi nzuri. Tumpapo mtoto wa shoto kitu kilichotengenezwa kwa mkono wa kuume, nasi twajua kwamba ana shoto, twamwambia hivi: "Twakupenda, lakini si wewe ulivyo."

Najua nitajibiwa kwamba watu hao ni wachache, na kwamba haiwezekani kuibadili dunia kwa ajili ya wachache. Basi tuhesabu. Mwaka 2020 wataalamu walichapisha hesabu walizozikusanya kutoka uchunguzi mwingi wa nchi mbalimbali, jumla ya watu zaidi ya milioni 2, wakaona kwamba karibu mtu 1 katika kila 10 ana shoto. Mwalimu mwenye darasa la watoto 50 akiwahesabu 2 tu, asiharakishe kusema kwamba shuleni kwake shoto haipo sana. Ajiulize kwanza ni wangapi waliojifunza kuificha.

Wala shoto si tabia mbaya iliyookotwa njiani. Ubongo wa mtu una pande mbili, na upande wa kushoto ndio unaotawala mkono wa kuume, nao upande wa kuume hutawala mkono wa kushoto. Mkono utakaopendelewa hutokana kwa sehemu na urithi wa damu, na dalili zake huanza mapema sana, hata kabla ya mtoto kuzaliwa. Madaktari wanaotazama watoto tumboni mwa mama zao kwa chombo cha mawimbi ya sauti wamewaona wengine wakinyonya kidole cha mkono mmoja zaidi ya mwingine. Mtoto aliyechagua mkono wake kabla ya kuliona jua, nani amwambie kwamba alifundishwa utovu wa adabu?

Lakini lugha yetu yenyewe imekwisha kutoa hukumu kabla ya shauri kusikilizwa. Mkono mmoja tumeuita wa kuume, yaani wa kiume, tukauita na wa kulia, yaani wa kulia chakula. Wa pili tumeuita wa kike. Mtu akizaliwa akiupendelea huo wa pili, amekwisha kuingia katika lawama kwa jina tu. Siwaambii tubadili lugha. Maneno ya wazee ni mali. Lakini tujue kwamba jina la kitu si hoja.

Sasa nizijibu hoja moja moja, kwa maana nimezisikia zote barazani, na nyingine nalizitoa mimi mwenyewe.

Ya kwanza ni ya methali: samaki mkunje angali mbichi. Wasema kwamba mtoto wa shoto akigeuzwa mapema, atazoea. Mimi naipenda methali hiyo, lakini waitumiao hapa wamesahau kwamba samaki hukunjwa kufuata viungo vyake. Ukimkunja pasipo kiungo, amevunjika. Tazameni habari ya mfalme George wa Sita wa Uingereza, aliyezaliwa mwaka 1895 na kutawala tangu 1936 hata alipokufa mwaka 1952. Wazee wetu waliijua sura yake, maana ilipigwa katika shilingi za Afrika ya Mashariki za wakati wake. Mfalme huyo alizaliwa na shoto, akalazimishwa tangu utoto kuandika kwa mkono wa kuume. Akaandika. Lakini mwaka 1926, kabla hajawa mfalme, aliposhindana katika mchezo wa tenisi huko Wimbledon, alicheza kwa mkono wa kushoto. Mwana wa mfalme, mwenye walimu wote aliowataka baba yake, alikunjwa angali mbichi. Na miaka mingi baadaye mkono ulikuwa haujasahau. Je, sisi wenye fimbo na chaki tutafanikiwa pale jumba la kifalme liliposhindwa?

Hoja ya pili ni ya adabu. Wasema: kwetu mtu hali kwa mkono wa kushoto, hatoi kwa mkono wa kushoto, wala hapokei kwa huo. Nami nakubali kwamba adabu ni jambo kubwa, na kwamba kwa ndugu zetu wengi wa pwani na wa bara jambo hili lina mizizi katika dini pia. Sikukusudia kumfundisha mtu namna ya kula nyumbani kwake. Lakini kalamu si tonge, na mkasi si sahani. Mtoto aweza kufundishwa kula kwa mkono ule ambao nyumba yake inautaka, na bado akaachiwa mkono wake wa kuandikia, kushonea na kuchezea. Wanaotaka kuleta Maandiko katika shauri hili, na wasome kitabu cha Waamuzi. Katika mlango wa 3 watamkuta Ehudi, mtu wa shoto, aliyewaokoa watu wake. Na katika mlango wa 20 watawakuta watu 700 wa kabila la Benyamini, wote wa shoto, walioweza kutupa jiwe kwa teo pasipo kulikosa shabaha hata kama shabaha ni unywele. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba watu hao waligeuzwa mkono kwanza ndipo wakapokelewa vitani.

Hoja ya tatu huonekana ya busara kuliko zote. Wasema: "Dunia imetengenezwa kwa mkono wa kuume. Mtoto huyu ataishi katika dunia hiyo. Ukimpa vitu vya mkono wake, unamdekeza, naye atakosa nguvu za kuishi na wengine." Ndugu yangu, mtoto huyo hahitaji wewe umfundishe kwamba dunia ni ya mkono wa kuume. Amefundishwa asubuhi hii. Amefundishwa na daftari lenye waya wa kuzunguka kushoto, lililomchoma kifundo cha mkono alipokuwa akiandika. Amefundishwa na wino, ambao mkono wake umepita juu yake ukiwa haujakauka, akaadhibiwa kwa uchafu. Amefundishwa na rula ambayo tarakimu zake zaanza upande asioanzia yeye. Amefundishwa na jirani yake wa dawati, ambaye kiwiko chake hugongana na chake kutwa nzima. Amekwisha kufuzu somo hilo. Wewe unayetoa zawadi waweza kumpumzisha siku moja tu, nawe wasema ni kumdekeza! Mbona mtu mfupi tukimpa kigoda, hatusemi kwamba tumemharibu?

Tena tusiseme kwamba ugumu umo mkononi, hali umo katika upande tunaoandikia. Babu zetu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na herufi hizo huandikwa kutoka kuume kwenda kushoto. Huko mkono wa kuume ndio uliokuwa ukifuata nyuma ya kalamu, juu ya wino mbichi, na mwandishi mwema alijifunza kuushusha mkono chini ya mstari ili asichafue kazi yake. Hakuna aliyesema kwamba mkono wa kuume una laana kwa kuwa ulipakaza wino. Walitafuta namna ya kuandika. Kwa herufi za Kirumi mambo yamegeuka, na mwenye shoto ndiye anayehitaji kutafutiwa namna. Lakini yeye tumemtafutia fimbo.

Hoja ya nne ni ya fedha. Wasema vitu vya shoto ni ghali, na vijijini havipatikani. Hiyo ni kweli kwa sehemu. Huko London lilifunguliwa mwaka 1968 duka lililouza vitu vya watu wa shoto tu, na siku hizi mikasi, rula na visu vyao huuzwa na wengi kwa njia ya intaneti. Lakini mwalimu wa mwisho wa barabara hawezi kuagiza mkasi kutoka ng'ambo kila mara mtoto anapofaulu. Basi na tukumbuke neno la wahenga: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Zawadi nyingi zilizo bora kwa mwenye shoto hazina gharama, au gharama yake ni ya senti chache. Nitazitaja ninazozijua.

Ya kwanza ni mahali pa kuketi. Mweke mwenye shoto mwisho wa dawati, upande wake wa kushoto, ili kiwiko chake kipate hewa. Haikugharimu kitu, naye ataandika kwa amani tangu siku hiyo.

Ya pili ni mlazo wa karatasi. Mfundishe kuilaza karatasi ikiinamia upande wa kuume, hata pembe ya juu iliyo kushoto iwe ndiyo iliyo mbali naye kupita zote. Aushike mkono chini ya mstari, na vidole mbali kidogo na ncha ya kalamu, apate kuyaona maneno anayoyaandika. Mwenye shoto asiyeonyeshwa hivi hupinda mkono wake kama ndoana juu ya mstari, akachoka upesi, nasi twasema ana mwandiko mbaya.

Ya tatu ni daftari lililofungwa kwa juu, au lililoshonwa kwa uzi pasipo waya. Na penseli nzuri, au kalamu ambayo wino wake hukauka mara. Ukinunua kalamu ya wino, usinunue yenye ncha iliyokatwa kwa mshazari wa mkono wa kuume, maana mwenye kuuvuta mkono na mwenye kuusukuma hawawezi kutumia ncha moja.

Kwa wakubwa tazama vyombo vya kazi. Baadhi ya vyombo vyetu vya zamani havina ubaguzi: mchi na kinu, jembe, mbuzi ya kukunia nazi, vyote humkubali kila mkono. Lakini kisu kilichonolewa upande mmoja tu hukata mkate mshazari katika mkono wa kushoto. Mundu wenye makali ya upande mmoja huteleza juu ya majani. Upawa wenye mdomo upande mmoja humwaga mchuzi pasipostahili. Na chombo cha kupimia chenye alama upande mmoja humwonyesha mwenye shoto mgongo wake. Chagua kisu kilichonolewa pande zote mbili, upawa wenye midomo miwili au usio na mdomo kabisa, na chombo chenye alama kote. Hata saa ya mkono ina habari yake. Mwenye shoto aghalabu huivaa mkono wa kuume, na kile kijiti cha kuitia ufunguo kikawa upande asioufikia kwa urahisi. Nazo saa zenye kijiti upande wa kushoto zipo. Na ukimnunulia kikombe chenye picha, kishike kwanza wewe kwa mkono wako wa kushoto, uone kama picha itamtazama mwenye kunywa ama itamtazama jirani.

Labda utasema, haya ni mambo madogo. Ni kweli, ni madogo. Lakini mtu hafi kwa mwiba mkubwa tu. Mwenye shoto huchomwa na miiba midogo 100 kwa siku, na zawadi inayofaa ni ile inayong'oa mmoja.

Sasa nigeuke niwaonye na wenzangu wa upande wangu, maana wapo wengine waliokwisha kusadiki neno hili na wakapita kiasi. Hawa, wakisikia kwamba fulani ana shoto, hukimbilia kila kitu kilichoandikwa "cha shoto", wakamletea. Au humnunulia kitu cha kuchekesha, kikombe kinachovuja akishika mkono usio wake, fulana yenye maneno ya mzaha. Mtu aliyechekwa tangu utoto kwa mkono wake hana haja ya kununuliwa kicheko kingine. Tena wako mafundi wa shoto walioshika mkasi wa kawaida miaka 40, wakajifunza wenyewe kuupinda mkono mpaka ukatii. Mkono wao sasa umeuzoea. Ukimletea fundi kama huyo mkasi wa shoto, ukamshurutisha autumie, umemfanyia yale yale niliyomfanyia mimi yule msichana: umempa amri katika karatasi. Na wako wenye shoto katika kuandika, lakini hutupa mpira kwa kuume; na wengine huipenda cherehani ya kawaida, kwa kuwa gurudumu liko kuume na mkono wao wa kushoto, ulio hodari, ndio unaoongoza kitambaa. Kwa hiyo usidhani. Tazama.

Nayo kutazama ni kazi rahisi. Kabla ya kununua, mtazame mtu wako siku tatu. Ashika sindano kwa mkono upi? Afungua mlango kwa upi? Kikombe akiweka upande upi wa sahani? Akikata mstari ulionyoka, ainamisha kichwa kuutafuta? Na ukiisha kutazama, muulize. Kila ndege huruka kwa mbawa zake, naye ndiye anayejua ni ubawa upi unaomuuma. Wako wanaoogopa kuuliza, wakidhani kwamba zawadi isiyoshtusha si zawadi. Mimi nasema, heri zawadi iliyoulizwa ikatumika miaka 10, kuliko iliyoshtusha ikakaa sandukuni.

Nilisema kwamba yule msichana aliacha ushonaji. Sikumwona muda mrefu. Alikua, akaolewa, akapata watoto. Mwaka mmoja ndugu yangu aliyekuwa safarini aliniletea, kwa kumwomba kwangu, mkasi mmoja wa shoto, mdogo kuliko ule wa kwanza na wa bei ndogo kuliko ule. Nikaenda nao kwake. Akanikaribisha, akanitilia chai, tukazungumza habari za shule. Kisha nikautoa, nikampa kwa mikono yangu miwili. Akaushika kwa mkono wake wa kushoto, akachukua kipande cha khanga kuukuu kilichokuwa karibu, akakata. Kitambaa kikafunguka mbele ya mkasi kama maji mbele ya mtumbwi, toka pindo hata pindo, hakikukunjika. Akakitazama kile kipande kitambo. Akasema, "Kumbe siyo mimi, Mwalimu."

Sikuwa na la kumjibu. Miaka ile yote alikuwa ameamini kwamba ni yeye. Mimi mwalimu wake ndiye niliyemfundisha kuamini hivyo, na chombo nilichomfundishia kilikuwa zawadi ya kwanza.

Ndiyo sababu siwezi kukubali mtu aniambiapo kwamba shauri hili ni la mikasi na vikombe. Ni shauri la mtoto anayejiona mbovu hali chombo ndicho kisichomfaa. Watu wa shoto wamefika mahali pote wanapofika watu. Barack Obama, ambaye baba yake alizaliwa Kenya, alikuwa rais wa Marekani tangu 2009 hata 2017, naye alitia sahihi sheria za nchi ile kubwa kwa mkono wa kushoto mbele ya macho ya dunia. Lakini sitaki kutumia majina ya wakubwa kuwatetea wadogo. Mtoto wa shoto hahitaji kuwa rais ndipo astahili mkasi unaokata.

Basi, walimu wenzangu, mwisho wa mwaka waja, na orodha za zawadi zitaandikwa. Nawaomba neno moja tu: mbele ya kila jina katika orodha yenu andikeni na mkono wake. Msiponunua kitu kwa sababu ya alama hiyo, walau mtakuwa mmemtazama mtoto. Tena siku ya sherehe, mkitaka kuilinda adabu pasipo kumwaibisha mtu, iko desturi nzuri ambayo makabila yetu mengi wanayo: mtoaji atoe kwa mikono miwili, na mpokeaji apokee kwa mikono miwili. Hapo hakuna atakayeulizwa mkono wake ni upi, wala hapatakuwa na kicheko. Nao wazazi wasomao haya wanaweza kuanza mapema, maana tarehe 13 Agosti ya kila mwaka huadhimishwa katika nchi nyingi kuwa siku ya watu wa shoto. Siku hiyo wasinunue kitu. Wamwite mtoto wao, wamwambie kwamba mkono wake ni mkono. Hiyo ndiyo zawadi iliyo mbele ya zawadi zote, na pasipo hiyo, nyingine zote ni karatasi.

Anayeona kwamba nimekosea, na aandike katika gazeti letu, nami nitamjibu. Lakini kabla hajaandika, na aitie kalamu yake katika mkono asiouzoea, aandike kurasa mbili, kisha anitumie hizo hizo.